Muhula wa Mwezi Mmoja: Hesabu ya Mafundi wa Kushona wa Nyangezi

Msafiri aondokaye Bukavu kwa njia ya kusini, akaupita mtaa wa Panzi na kuziacha nyuma harakati za mji, hufika Nyangezi baada ya kilomita 25 hivi, katika nchi ya vilima ya Bushi iliyo chini ya uchifu wa Ngweshe, ambako migomba huzizunguka nyumba na baridi ya usiku humkumbusha mgeni kwamba amepanda juu sana kutoka usawa wa bahari. Mbele yake barabara huendelea kuelekea mteremko wa Ngomo na bonde la Ruzizi, hata Kamanyola na Uvira. Lakini magari mengi yaendayo huko yamezoea kuvuka mpaka na kuzungukia Rwanda, kwa kuwa mteremko ule una sifa ya kutisha tangu zamani. Kwa hiyo Nyangezi ni mahali palipo jirani na mji mkubwa pasipokuwa mjini: bidhaa hufika, ila hufika zimechelewa na bei yake imepanda njiani, na fundi wa kushona anayeweka kiti chake hapo hulazimika kuitia hali hiyo katika hesabu zake kabla hajapokea kitambaa cha mtu yeyote.

Ufundi wenyewe ni wa kila siku, na labda ndiyo sababu watu hupita bila kuutazama. Barazani pa duka, chini ya bati, huwekwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, ambayo hupendwa kuliko ya umeme kwa kuwa haisimami umeme unapokatika. Kando yake huwapo pasi ya makaa, futi, chaki, mkasi uliofungwa kwa kamba mguuni pa meza ili usiazimwe ukapotea, na gunia moja au mawili ya vitambaa vya wateja, kila kimoja kikiwa kimebanwa kwa pini kipande cha karatasi chenye jina na vipimo. Hapo hushonwa sare za wanafunzi, libaya, yaani blauzi, na vikwembe vyake kwa ajili ya arusi na misiba, na suruali za mtumba hupunguzwa kiuno. Na kutokana na mabaki ya vitenge, ambayo aghalabu yangeishia kufutia vyombo, hushonwa mfarishi wa viraka, ambao katika usiku wa milimani ni sitara ya kweli kwa mtoto alalaye.

Dai langu katika makala haya ni moja, nami nalisema kwa moyo wote kwa sababu nimeona hasara yake: mafundi wetu hufundishwa kukata na kushona, lakini hawafundishwi kuugawa mwezi. Hutolewa katika mafunzo wakiwa wanajua kuweka kola, kupachika zipu na kupinda pindo lisilovutika, wakakabidhiwa cheti, na pengine cherehani pia, kisha wakaachwa mbele ya bahari ya siku ambazo hazina mipaka. Fundi wa namna hiyo humpokea kila ajaye, kwa kuwa anaona haya kumrudisha mtu na pia anaihitaji arubuni, gunia hujaa, kila mteja huambiwa Jumamosi, na Jumamosi inapofika ndipo huanza yale mazungumzo ambayo kila mmoja wetu ameyasikia, “Mama, nguo yangu iko tayari?”, na jibu lake, “Kesho, Mama, kesho mapema.” Mkono wake una ustadi usio na shaka. Lililokosekana ni tadbiri, yaani kuamua kabla ya mwezi kuanza ni kazi zipi zitakazomalizika ndani yake, na ni zipi ambazo, hata zikiwa na faida, hazina nafasi.

Upungufu huu una asili yake, na inafaa tuitafute. Katika zama za utawala wa Wabelgiji ziliwekwa katika miji ya Kongo, Rwanda na Burundi nyumba za mafunzo ya wanawake zilizoitwa foyer social. Ile ya Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, ilianza mwaka 1946 na kuendelea hata mwaka 1960, ikiwafundisha wake wa mjini kushona, kupika, kufua na kupiga pasi, na kulea watoto kwa mujibu wa fikira za Ulaya ya wakati ule juu ya mke mwema. Mafunzo yale yalijengwa juu ya dhana kwamba mume ndiye mwenye mshahara, na kwamba sindano ya mke ni sehemu ya adabu na unadhifu wa nyumba. Maadamu sindano haikutazamiwa kuleta riziki, hapakuwa na aliyeona haja ya kumfundisha mwanamke hesabu ya muda wake. Dhana ile imekwisha kufa mbele ya macho yetu. Katika Kivu ya Kusini leo nyumba nyingi huishi kwa kazi ya mama, na sindano ndiyo inunuayo chumvi na daftari za shule. Lakini mitaala ya ushonaji, kwa kadiri nionavyo, imeurithi ufundi wa zamani pamoja na ukimya wake juu ya kalenda.

Sisemi haya kwa kuwadharau wanaofundisha. Katika Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 na Dakta Denis Mukwege, ambaye alishirikishwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2018, iliona mapema kwamba mwanamke aliyetibiwa majeraha ya vita hawezi kurudishwa duniani mikono mitupu, na ndiyo maana katika nyumba yake ya Maison Dorcas hufundishwa, pamoja na mengine, kazi ya kushona. Jina hilo linamkumbusha Dorkasi wa Yafa, anayetajwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, ambaye alipokufa wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Wale wajane walionyesha nguo zilizomalizika. Nalitia mkazo jambo hili kwa kuwa kitambaa kilichokatwa na kuachwa hakimsitiri mtu, na vipande vingi vilivyoanzwa vinaweza kumpa fundi hisia ya kazi nyingi ilhali hakuna hata mmoja aliyevaa.

Cherehani na mwezi, kwa hakika, vilifungamana tangu zamani. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1851, nayo ikawa ghali kupita uwezo wa jamaa za kawaida. Ndipo mwaka 1856 mshirika wake, Edward Clark, akaanzisha mpango wa kumpa mtu mashine kwa malipo madogo ya awali, sehemu iliyobaki ikawa ya kulipwa mwezi kwa mwezi. Mauzo yakaongezeka sana. Tukiutazama mpango huo kwa makini, tutaona kwamba mshonaji aliyechukua mashine alijikuta ana lengo la mwezi hata kama hakulitaka: alijua kwamba kabla ya tarehe fulani ni lazima zishonwe nguo za kiasi fulani, na fauka ya hayo zipatikane za kulisha nyumba. Deni lilimfundisha hesabu. Mafundi wanaopewa mashine kama msaada huepushwa na uzito wa deni, nalo ni jambo la kushukuru, lakini huepushwa pia na somo lililofuatana nalo, na somo hilo halina budi kutolewa kwa njia nyingine.

Watu huniuliza kwa nini nang'ang'ania mwezi, na si mwaka. Jibu liko katika maisha ya nchi yenyewe. Mwaka ni muda mrefu mno kwa mtu wa Kivu kuutolea ahadi. Februari 2025, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipoingia Bukavu baada ya kuitwaa Goma mwishoni mwa Januari, benki zilifunga milango yake, fedha taslimu ikawa adimu, na barabara ya Uvira ikawa ya hofu. Fundi aliyekuwa ameandika mipango ya miezi kumi na miwili aliiona ikipeperuka kwa juma moja. Juma nalo ni fupi, kwa sababu msiba mmoja au homa ya mtoto hulimaliza lote. Lakini mwezi una nafasi ya kupoteza siku tano au sita na bado ukabaki na umbo lake. Tena ndio muhula wa ada za shule, wa kodi ya chumba, na wa mikutano mingi ya vyama vya akiba ambavyo katika Kivu ya Kusini huitwa MUSO. Vyama hivyo huwa na masanduku yao: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la kusaidiana katika maafa, na la buluu kwa fedha itokayo nje ya chama. Mwanamke anayeketi katika MUSO amekwisha kuzoea kuukadiria mwezi kwa upande wa fedha. Analohitaji ni kuyahamishia mazoea hayo upande wa kazi.

Basi ataanzaje? Aanze na siku, kabla ya kuanza na matamanio. Katika mwezi wa siku 30, Jumapili nne hutoka; siku za soko hupunguza kazi ingawa huleta wateja; msiba wa jirani haukwepeki, wala hapana mwenye murua anayetaka kuukwepa; kuna siku ya kliniki, siku ya mkutano, siku ya mvua ambayo giza lake barazani haliruhusu kutunga uzi. Fundi mwaminifu kwa nafsi yake ataona kwamba siku za kushona hasa ni 18 au 20, na kila ahadi itolewayo juu ya siku zaidi ya hizo ni ahadi ya uongo, hata kama mtoaji wake hakukusudia kudanganya.

Kisha aitazame kalenda ya shamba, maana fundi wa Nyangezi ni mkulima pia, au ni binti au mke wa mkulima. Hapa pana mgongano ambao sijaona ukizungumzwa inavyostahiki. Katika milima hii msimu wa kwanza wa kilimo huanza Septemba mvua zinaporudi, na maharagwe ya msimu huo huvunwa mnamo Januari. Wa pili huanza mnamo Februari au Machi na kwisha Juni au Julai. Kisha huja kiangazi, ambacho wenye mabonde hulima matopeni. Sasa, Septemba ndiyo pia mwezi wa kufunguliwa shule, na tangu serikali ilipotangaza elimu ya msingi ya bure mwaka 2019 watoto wameongezeka madarasani, kila mmoja akidaiwa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu. Mwezi ambao cherehani huita kwa kazi nyingi kuliko yote, jembe nalo huita mwezi huo huo, na mtu aitwaye na vyote viwili ni mmoja. Hapo ndipo fundi asiye na tadbiri huvunjika: hulima asubuhi, hushona usiku kwa kibatari, huchanganya vipimo vya watoto, na Oktoba inapoingia bado anadaiwa sare na watu ambao watoto wao wamerudishwa nyumbani na walimu.

Dawa yake ni kuisogeza Septemba nyuma. Julai na Agosti ni miezi mikavu, mavuno ya msimu wa pili yamekwisha, jua lina mwanga wa kutosha na kitambaa kilichofuliwa hukauka upesi. Wazazi hawajaanza kutoa fedha, ni kweli. Lakini mashati meupe ya vipimo vya kawaida vya watoto wa miaka sita hadi kumi yanaweza kukatwa na kushonwa bila kumngoja mteja, yakabakizwa vifungo na pindo la mikono ili kurekebishwa siku mtoto aletwapo. Kinachohitajika ni mtaji wa kitambaa, na hapo ndipo sanduku la kijani la MUSO lina kazi yake iliyo halali kabisa: mkopo wa Juni mwishoni, lengo la Julai la mashati kadhaa, lengo la Agosti la sketi na suruali, na malipo Septemba sare zinaponunuliwa. Mafundi wa pwani wana desturi yao inayofanana na hiyo. Katika Mombasa na Unguja, Ramadhani inapofika katikati, mafundi wengi huacha kupokea vitambaa vipya vya Idi. Ajaye na kitambaa chake katika kumi la mwisho huambiwa kwa upole kwamba amechelewa, naye huondoka bila kinyongo kikubwa, kwa kuwa anajua kwamba aliyetangulia atavaa nguo yake asubuhi ya Idi. Kukataa kwa wakati ni sehemu ya heshima ya fundi, na mafundi wa Nyangezi wanayo haki ya kutangaza, tuseme ifikapo Agosti 20, kwamba gunia la Septemba limejaa.

Kazi ya mfarishi hufuata hesabu nyingine, nami nataka kuieleza kwa utaratibu, kwa kuwa ndiyo inayoachwa njiani kuliko zote. Chukua kitanda cha sentimita 150 kwa 200. Akina mama wengi, wakitamani urembo wa vipande vidogo, hukata miraba ya sentimita 12, ambayo ikiunganishwa na kuliwa sentimita moja ya mshono kila upande hubaki 10. Maana yake ni safu 15 kwa 20, yaani vipande 300, na kabla ya vipande hivyo kuisha mwezi umekwisha, mwezi wa pili umeingiliwa na kazi za wateja, na rundo limekwenda chini ya kitanda. Lakini akikata miraba ya sentimita 27, inayobaki 25 baada ya mshono, atahitaji safu 6 kwa 8, yaani vipande 48 tu kwa mfarishi ule ule. Mabaki yakiwa madogo mno, ayaunge kwanza kuwa vipande vya ukubwa huo, bila kujali mistari yake inakwenda wapi. Vipande 16 kwa juma, kwa majuma matatu, humaliza uso wote. Juma la nne lautosha utandikaji: shuka kuukuu chini, blanketi lililochakaa katikati mahali pa pamba, uso wa vitenge juu, vyote vikapigwa bandi kwa mkono ili visitembee, kisha vikadariziwa kwa mistari iliyonyooka na kutiwa ukingo. Kwa njia hii lengo la mwezi ndilo lililochagua ukubwa wa kipande, na huo ndio utaratibu ulio sahihi.

Wapo ndugu zetu wa mbali waliolitatua jambo hili kwa ustadi wa ajabu. Katika jimbo la Karnataka, India, huishi Wasiddi, ambao wazee wao walivuka Bahari ya Hindi kutoka Afrika, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo zilizochakaa iitwayo kawandi, nao hawaunganishi kwanza uso wote ndipo watandike. Huanza ukingoni juu ya kitambaa cha chini, wakapachika kiraka baada ya kiraka na kudarizi papo hapo kwa mkono, wakizunguka kuelekea kati, na pembeni huweka vipembe vya kitambaa waviitavyo phula, yaani maua, ambavyo kwao mfarishi usiokuwa navyo haujavikwa. Faida ya mwendo huo ni kwamba sehemu iliyoshonwa imemalizika kweli. Mwanamke akiitwa shambani kwa siku kumi, akirudi hukuta ukingo uliokamilika wenye tabaka zake zote, akaendelea alipoishia. Kwa nchi kama yetu, ambamo kazi hukatizwa na mambo yasiyo na taarifa, sijui utaratibu unaofaa kuliko huo, na laiti ningekuwa na mamlaka juu ya darasa moja la ushonaji, ningeufundisha mwezi wa kwanza.

Jirani zaidi na sisi, kikundi cha Amani ya Juu kilichoanzia Nairobi mwaka 1996 kimewaketisha pamoja wanawake wa mataifa mbalimbali ya Afrika, wengi wao wakimbizi, wakishona mifuko, nguo na mifarishi ya kuuza. Kazi ya kushirikiana ina tabia yake: anayechelewesha kipande chake huwachelewesha wote, na kwa hiyo miadi huwa ya kundi zima. Akina mama wanne wa kilima kimoja cha Nyangezi, kila mmoja akiwa na vipande 12 vya kuleta mwishoni mwa juma la tatu, wanaweza kutoa mfarishi mmoja kwa mwezi bila yeyote kati yao kuacha shamba lake, na zamu ya kuuchukua ikazunguka kama izungukavyo zamu ya kupokea fedha za kuchangiana katika likelemba.

Nimesikia pingamizi, na mojawapo ni la haki. Husemwa kwamba mwanamke wa milimani amekwisha kubebeshwa maji, kuni, mtoto na jembe, na kumwongezea lengo lililoandikwa ni kumwongezea mjeledi. Nakubali kwamba lengo lililowekwa na mtu mwingine, hasa mfadhili mwenye fomu zake, huwa mjeledi upesi sana. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hesabu iwe ya fundi mwenyewe, katika daftari lake mwenyewe, au kaye kama tuiitavyo huku, na kwamba kazi isiyomalizika ihamishwe wazi katika ukurasa wa mwezi ufuatao pamoja na sababu yake: uzi uliadimika, barabara ilifungwa, mtoto aliugua. Baada ya miezi mitatu au minne sababu hizo huanza kujirudia, na zile zinazojirudia ndizo zinazoweza kutafutiwa dawa. Aliyeandika mara tatu kwamba uzi mweupe ulimwishia katikati ya kazi atanunua uzi wa ziada mwezi ujao anaposhuka Bukavu, soko la Kadutu. Aliyeandika mara tatu kwamba mteja hakurudi kuchukua nguo atadai nusu ya malipo kabla ya kugusa mkasi.

Na kwa wale waliokwisha kuwa na gunia la kazi zilizoachwa, ushauri wangu ni kwamba mwezi wa kwanza usiwe na kazi mpya yao wenyewe hata moja. Wamwage gunia juu ya mkeka, wavitenge vitambaa vya wateja na vyao, wavikamilishe vya wateja kwanza kwa utaratibu wa tarehe vilivyopokelewa, na vile ambavyo wenyewe wamehama au hawapatikani wavifunge vyema pamoja na majina yao. Mwezi unaofaa kwa kazi hiyo ni Juni, maharagwe yakiwa yameanza kuingia nyumbani na mvua zikiwa zimekatika. Hivyo Julai itamkuta fundi ana meza tupu na mkopo wa kitambaa cheupe mkononi. Shule na nyumba za mafunzo zitoazo vyeti mwishoni mwa Juni zingeweza kuufanya mwezi huo kuwa mtihani wenyewe, mwanafunzi akipewa siku zake, kitambaa chake na kalenda, na kupimwa kwa idadi ya nguo zilizokamilika hata vifungo.